Baragumu la Babu Mayala

Mektilda hakuwa mtu wa matembezi. Alilima karanga na tumbaku kidogo pale Ntalikwa, akamuuguza mama yake mpaka siku ya mwisho, na mjini Tabora alikwenda sokoni au hospitali, basi. Kwa hiyo mwezi Juni, kaka yake Anselm alipokuja likizo kutoka Morogoro na bintiye Recheli, na Recheli akasema anataka kuona makumbusho ya Tabora kwa siku moja, Mektilda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa na kukaa kwenye gari.

Walianza Kwihara, kwenye tembe, nyumba ya udongo ya enzi za misafara ambayo sasa ni makumbusho. Recheli, msichana wa miaka kumi na mitatu, alipiga picha mlango wa nakshi, kisha akauliza kama wapagazi nao walilala ndani ya tembe.

"Sijui walilala wapi," Mektilda alisema, "lakini babu yetu Mayala alikuwa kirangozi wao. Alitangulia mbele ya msafara akipuliza baragumu, wenzake wanamfuata na mizigo mpaka pwani."

"Na hilo baragumu liko wapi, shangazi?"

Anselm ndiye aliyejibu. "Lilipotea. Twendeni, jua linapanda."

Lilipotea. Neno hilo Mektilda alikuwa ameishi nalo miaka tisa. Baragumu lilitundikwa chumbani kwa mama yao, na lilipulizwa tu mzee wa ukoo alipozikwa. Siku moja ya masika alirudi kutoka shamba akakuta msumari mtupu. Mlango haukuvunjwa, na ufunguo alikuwa nao yeye. Anselm alikuwa ameondoka kwa treni siku iliyotangulia baada ya kusalimia wiki nzima, na ndiye aliyeuliza kwanza kwenye simu: "Ulimfungulia nani mlango?"

Ukoo ulikaa, ukaamua kwamba Mektilda ni mzembe. Mama hakumgombeza. Alianza tu kuficha ufunguo wa sanduku lake chini ya mto. Alipofariki, alizikwa kimya bila baragumu, na mjomba mmoja akasema pale kaburini, kwa sauti, kosa ni la nani.

Kutoka Kwihara walirudi mjini. Recheli alikuwa ameona kwenye simu kwamba kuna makumbusho madogo katika nyumba ya zamani ya mfanyabiashara, karibu na soko.

"Pale hakuna kitu," Anselm alisema. "Twendeni tukale."

"Baba, dakika kumi tu!"

Anselm alisema atawasubiri kwenye gari.

Binti aliyewapokea aliitwa Najiat. Aliwaamkia, akawatembeza chumba cha kwanza, cha pili. Katika cha tatu Mektilda alisimama ghafla. Nyuma ya kioo kulikuwa na pembe ndefu ya tandala, ufa wake umezibwa kwa nta na kuzungushiwa waya wa shaba. Waya ule aliuzungusha yeye, akiwa na miaka kumi, baba yake akiwa ameishika pembe katikati ya magoti.

Recheli alisoma maandishi. "Baragumu la kirangozi. Limetolewa na Bwana Anselm..." Akakatiza. "Shangazi, hili ni jina la baba."

Pembeni kulikuwa na picha. Anselm, ndani ya suti ya kijivu, analikabidhi baragumu kwa wageni wa heshima, amecheka mpaka magego yanaonekana. Chini iliandikwa mwezi na mwaka. Ilikuwa masika ile ile.

Najiat alimvutia kiti. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Nimemwona mtu ninayemfahamu."

Alitoka mpaka kwenye gari. "Kaka, nimeliona."

Anselm hakuuliza ameona nini. Alishika usukani kwa mikono miwili. "Walikuwa wanatafuta vitu vya kale. Nikaona jina la ukoo lijulikane."

"Jina lililoandikwa ni lako. Na siku niliyohukumiwa ulikuwa umekaa pale pale."

"Ningesemaje, Mektilda? Mama angekufa kwa uchungu."

"Alikufa nao. Alikufa akinificha ufunguo."

Walipogeuka, Recheli alikuwa nyuma yao, amesikia yote. Hakuna aliyekula siku hiyo.

Mektilda alimwomba kaka yake jambo moja tu: waende pamoja Tura kwa mama mdogo Pelagia, mkubwa pekee aliyebaki katika familia, akaseme kwa mdomo wake mwenyewe. Kesho yake asubuhi Anselm alipakia mizigo na kuondoka, Recheli akilia kiti cha nyuma. Mektilda akapanda treni peke yake.

Mama mdogo Pelagia alikuwa anamenya karanga. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama. Kisha akasema, "Mama yako alijua."

"Alijua nini?"

"Anselm alimwambia mwenyewe Krismasi ya mwaka ule ule. Naye akaniambia mimi, akanikanya nisiseme. Alisema kijana akiaibika hatarudi tena nyumbani. Wewe, alisema, upo tu, utazoea."

"Na ufunguo? Mbona aliendelea kuuficha?"

"Angeacha, ungeuliza kwa nini."

Mektilda alikuwa amemwogesha marehemu mama yake kwa mikono yake miaka miwili, akimlisha uji kijiko kwa kijiko. Hakulia. Aliaga kwa heshima, na karanga alizofungiwa akaziacha juu ya mkeka.

Wiki iliyofuata alirudi kwa Najiat, akamsimulia habari za Mayala na za waya wa shaba. Najiat aliandika karatasi mpya ya maelezo ya kuweka kando ya kioo. Alipouliza kama jina la Anselm litolewe, Mektilda alisema, "Liache. Ni kweli yeye ndiye aliyelileta."

Anselm hupiga simu. Mektilda huzungumza na Recheli, kisha hukata.

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, alikwenda makaburini na jembe kama kila mwaka. Alilisafisha la baba yake vizuri. Kwenye la mama aling'oa magugu mawili matatu, akainuka, akarudi nyumbani.