Mama na ile zamu ya pensheni

Leo Jumamosi, nimetoka sokoni sasa hivi. Nitawaambia yote, hata wivu wangu.

Nina wivu na Rashel wa darasa letu. Papa yake anafanya kazi kwenye reli. Kila mwezi mshahara wake unakatwa mchango wa pensheni, na patroni, yaani mwajiri wake, anaongeza sehemu yake. Wala hahangaiki!

Mama yangu anauza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, sokoni. Nani anamwongezea?

Asubuhi ajenti wa pensheni alikuja sokoni kueleza kwamba hata mtu anayejitumikia, asiye na patroni, anaweza kuchanga. Rashel naye alikuwa pale, ananunua ndagala.

Mama akamwuliza ajenti, "Papa, patroni wangu njo nani?"

"Njo wewe, Mama. Utatoa sehemu mbili: ya mutumishi na ya patroni."

"Munasikia? Miye njo patroni!"

Wamama wakacheka. Nikajaa tumaini.

Kisha akauliza, "Na zamu yangu ya kukamata njo lini?"

Jamani! Alidhani ni likelemba, ule mchango wa wamama ambao kila mwezi mama mmoja kwa zamu anapokea pesa zote.

"Ukizeeka, Mama."

"Mpaka nizeeke? Hapana, Papa. Nitafikiri."

Rashel alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilitazama ndagala tu.

Ajenti atarudi Jumatatu. Sitaki papa ya Rashel apumzike uzeeni huku mama yangu akibaki kwenye jua la sokoni.

Ninyi wenye mama sokoni, nimwambie nini kesho ili akubali? Nijibuni leo, tafadhali.