Mzigo wa Bluu Juu ya Keria

Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, mwepesi kuliko unavyoonekana, na hapo ndipo tulipokosea. Mimi na shemeji yangu, aliyekuwa dereva, tuliiviringishia turubai la bluu isichubuke, tukaifunga kwenye keria kwa mipira ya matairi, kama tufungavyo magunia ya vitunguu saumu. Gunia hutulizwa na uzito wake. Kayaki haina uzito huo.

Tulikuwa tunaitoa Mbulu kuipeleka ziwa Basotu. Tulipopita Tumati, kwenye mteremko, upepo ukaingia chini ya turubai. Mpira wa mbele ukakatika. Nikatoka dirishani hadi kiunoni, nikaukamata uliobaki. Pua ya kayaki ilikuwa inanyanyuka.

"Simama!"

"Kwenye kokoto hizi? Tutaserereka. Shikilia hivyo hivyo!"

Nyuma yetu, karibu mno, ilikuja bodaboda imebeba mama na mtoto mgongoni. Kayaki ikichomoka ingewaangukia wao. Nikampungia dereva wao apite. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akabaki nyuma.

Ndipo nikaelewa. Kitu kirefu, kimefunikwa, juu ya gari. Kwetu gari la msiba halipitwi. Baba yangu alirudishwa nyumbani hivyo hivyo, na hakuna aliyetupita njia nzima. Siku ile niliwashukuru wote moyoni.

"Wanadhani tumebeba maiti!"

"Waambie amefufuka!" shemeji akajibu, lakini hakucheka.

Nikapaza sauti: "Piteni! Ni mtumbwi!" Upepo ukayabeba maneno. Mama, akiona nimeng'ang'ania mzigo huku napiga kelele, akaanza kuniombolezea.

Mkono ulishakufa ganzi. Kwa mkono wa pili nikalivuta turubai kwa nguvu zote mpaka likachanika, plastiki ya njano ikatokea. Yule wa bodaboda akakodoa macho, akageuza usukani, akatupita. Mpira ukaniponyoka. Kayaki ikaruka nyuma, ikapiga barabara pale pale walipokuwa, ikabingirika mtaroni.

Tuliposimama wote chini ya mteremko, mama alikuwa anafuta machozi kwa hasira.

"Baba, mmeniliza bure! Plastiki!"

"Tusamehe, mama."

Akatazama juu, mtaroni kayaki ilikolala. Kisha akafungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akamfunga upya kifuani.