Salamu ya Baba kwenye Baraza Jipya

Siku ile alikuwepo baba yangu, tarishi wa baraza, Mngoni wa upande wa Songea. Alikuwepo mama yangu, Mndendeule wa palepale Lusewa. Alikuwepo mjomba, kaka wa mama, mmoja wa wazee waliodai tupewe mtawala wetu wenyewe. Alikuwepo bibi, aliyemzaa mama na mjomba, ambaye kwa baba alikuwa mkwe. Na alikuwepo mkuu mpya wa Wandendeule, ambaye kwa bibi alikuwa mtoto wa dada yake. Wengine walikuwa watu wa vijiji vya jirani: Wandendeule wengi, Wayao wenye maduka, Wangoni kidogo, na Mmatengo mmoja aliyekuja kufuata mke akabaki. Na kaka yangu, na mimi, mtoto ambaye meno ya mbele hayajaota yote.

Majina yao ninayo, na ya baba zao ninayo. Ila wajukuu wangu hapa Mjimwema wameniomba nisiyaandike, kwa kuwa wenyewe hawapo kusema ndiyo au hapana. Basi nitakwenda na udugu tu.

Kwa wasiojua, enzi za Mwingereza huku kwetu kulikuwa na serikali ndani ya serikali. Mwingereza alikaa Songea mjini na bendera yake, lakini mambo ya mashamba, ndoa, kodi na ugomvi wa mbuzi yalikuwa ya nkosi, yaani mfalme wa Wangoni, pamoja na wasaidizi wake. Chini ya nkosi yalikuwepo makabila mengi. Wandendeule hawakumpiga mtu. Walisema tu, mwaka hadi mwaka, kwamba na wao wanataka mtu wao. Mjomba alikuwa akisema hivyo tangu mimi sijazaliwa. Mwishowe Mwingereza akakubali.

Kwetu habari hiyo ilileta furaha na hofu siku moja. Baba aliletwa Lusewa na watu wa nkosi. Baraza jipya likimkataa, atarudi kwao, na sisi nyuma yake. Mama hakuwahi kukaa mbali na mama yake. Chumvi ikiisha alikuwa anapaza sauti tu, na bibi anaitika kutoka uani kwake.

Asubuhi ya baraza mama alikuwa anapiga pasi kaptula ya kaki ya baba, pasi ya mkaa, mjomba akaingia bila hodi.

"Shemeji, leo ngao umeiacha wapi?"

"Nimefunikia kuku," baba akajibu.

"Nimekusemea kwa wazee. Nimewaambia huyu sasa ni wetu, Ungoni umemtoka. Wamesema watakuangalia leo. Usiniaibishe."

"Nitakuaibishaje? Kazi yangu ni kusema simameni, kaeni, nyamazeni."

Mama hakucheka. "Wakikuangalia wakakukataa, je?"

"Tutafunga mizigo."

"Mimi kufunga mizigo sijui," mama akasema, akampa kaptula yake.

Baraza lilikuwa banda la nyasi, wazi pande tatu. Wanaume walikaa ndani, wanawake tukakaa nje ukingoni, mimi nikiwa pembeni ya bibi. Sasa, kazi ya tarishi mtawala akiingia ilikuwa kusimama mlangoni na kuita salamu, watu wote waifuate. Kwa nkosi salamu ni moja, ya kifalme, waliyokuja nayo Wangoni kutoka kusini, na wasaidizi wa nkosi nao walipenda kuamkiwa hivyohivyo. Baba alikuwa ameiita miaka na miaka.

Mkuu mpya akaingia, kanzu nyeupe, kiatu kimoja kikimbana. Baba akakakamaa, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ile yake ya kufika ng'ambo ya mto:

"Bayete!"

Hakuna aliyeitikia. Niliona mgongo wa baba ukinywea ndani ya shati. Mjomba aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano. Mama aliziba mdomo kwa khanga.

Mzee mmoja wa mbele akasema, "Ndiyo maana nilisema. Mngoni hata umuoshe."

Mwingine akasema, "Tumedai miaka yote hii tusiisikie hiyo, tunakuja kuisikia siku ya kwanza."

Mkuu alibaki amesimama. "Tarishi, umemwita nani? Mwenye salamu hiyo anakaa mbali, nadhani hakukusikia. Au unataka kumfuata?"

"Mzee, ni mdomo umezoea," baba akasema. "Miguu iko hapa."

Wachache wakacheka, lakini yule mzee wa mbele hakucheka. Akasema kazi ile apewe mtu mwingine, na apewe leo. Wawili watatu wakaguna kumuunga mkono.

Hapo ndipo bibi aliposema. Ni lazima mjue kwamba bibi na baba hawakuwahi kuzungumza uso kwa uso. Mkwe ni mkwe. Wakikutana njiani bibi aliingia majanini akageuza mgongo, na baba naye alipita akitazama upande mwingine. Siku ile bibi hakunyanyuka. Alijifunika khanga usoni, akasema kama anaongea na mchanga.

"Mnaotaka atolewe, mtatuambia salamu yetu ni ipi? Huyo atakayewekwa ataita nini?"

Yule mzee wa mbele akageuka kuwatazama wenzake. Maana zamani, kabla ya Wangoni, Wandendeule hawakuwa na mfalme. Kila ukoo na mkubwa wake, basi. Walidai mtawala, wakapewa mtawala, na hakuna aliyekuwa amefikiri ataamkiwaje.

"Hata mimi sijui," mkuu akasema. "Nimewaza kodi, nimewaza kesi. Hilo sikuliwaza." Akakaa, akavua kile kiatu.

Myao mmoja mwenye duka akasema kwao wanapiga makofi taratibu. Yule Mmatengo akasema kwao ukimkuta mkubwa unachuchumaa.

"Na mvua ikiwa imenyesha?" mtu akauliza.

"Unachuchumaa, hukai. Sisi watu wa milimani tunajua tofauti."

Hapo wakacheka kweli. Mwingine akataka iwe asalaam aleikum. Mngoni mmoja akasema, "Na sisi wa misheni tuitikie nini, amina?" Walibishana hivyo kwa muda, na kadiri walivyobishana ndivyo walivyomsahau baba, aliyesimama palepale mlangoni.

Mkuu akanyoosha mkono. "Nyumbani kwangu watoto wenu wanaponikuta wananiambiaje?"

"Shikamoo," mjomba akasema.

"Inanitosha. Na makofi ya Wayao tuongeze, ni mazuri." Akavaa kiatu. "Natoka naingia tena. Tarishi, ita."

Akatoka. Alipoingia, baba akaita, "Shikamoo, mzee wetu," na banda zima likafuata, wanaume ndani na wanawake nje, na makofi mara tatu, hayakulingana. Mkuu akajibu "Marahaba" kama mtu yeyote aliyekutwa njiani. Kisha akasema, "Tarishi, mwite mwenye kesi ya kwanza."

Mama aliposikia hilo alinyoosha miguu yake mchangani.

Uhuru ulipokuja, utawala huo ulifutwa, wa nkosi na wa kwetu. Wakaletwa watendaji na walimu kutoka mikoa mingine. Baba akalima tumbaku Lusewa, na ndiko alikozikwa, katika makaburi ya ukoo wa mama. Siku hizi nikienda mkutano wa mtaa hapa Mjimwema, nasikia watu wenye lafudhi za Mara, za Bukoba, za Mbeya, wakibishana habari za bomba la maji. Mwenzangu mmoja huona ni fujo. Mimi nakaa karibu ili nisikie vizuri.

Kaka yangu, mpaka anafariki, alishikilia kwamba aliyeuliza lile swali la salamu ni mjomba. Mimi nasema ni bibi, maana khanga yake ilikuwa inanigusa mkono. Lakini nilikuwa mtoto. Wewe wa Lusewa ambaye mama yako alikuwepo akakusimulia vingine, njoo uniambie, nami nitapafuta hapo niandike ilivyokuwa.