Bogenvilia ya Mpangaji

Rafiki yangu wa Kawangware ametuacha, na wiki hii wamempeleka kwao Kitui kumzika. Aliyenipigia simu hapa Kibera ni mjukuu wangu, yule anayesomea uuguzi, ninayejisifia kila mara, na nisipolitaja hilo mtasema naumwa. Nililia. Kisha nikakumbuka bogenvilia yake, ule mti wa maua, nikafuta machozi.

Zamani tulikuwa tukifua nguo za watu pale mtaa wa Olympic. Siku moja akaokota tawi lililokatwa kwenye ua wa tajiri wetu, akaenda kulichomeka kwenye mkebe wa rangi mbele ya chumba chake. Kwenye mkebe, si ardhini, kwa maana mpangaji hapandi kitu kwenye ploti ya mtu. Ukipanda, mwenyewe anaona umeanza kujipimia shamba. Jameni, lile tawi lilimea! Jua kali, vumbi, maji ya sabuni, lenyewe kijani tu mwaka mzima. Likapanda mabati, likamwaga maua ya zambarau juu ya paa hadi wapita njia wakawa wanasimama. Na huko chini, mizizi ikatoboa mkebe ikaingia udongoni bila yeye kujua. Nilikuwa nimemtembelea siku mwenye ploti alipokuja.

"Mathe, hii ni nini? Leo maua, kesho utaniletea wakili."

"Ni mkebe tu, baba. Nausogeza sasa hivi." Akainama, akavuta. Wapi! Akavuta tena, kilemba kikaanguka.

"Si usogeze!"

"Ardhi yako ndiyo imeushika. Iambie iuachilie."

Ploti nzima ikacheka, na hapo ndipo tulipoharibu. Mwenye ploti alichukua panga akaifyeka bogenvilia ikabaki kisiki. "Ikirudi," akasema, "unahama nayo." Rafiki yangu alikuwa na watoto shuleni na hakuwa na chumba kingine cha kukimbilia. Mvua iliponyesha, kisiki kikachipua. Nikamwambia, "Ing'oe, wewe, utalala nje." Akanijibu, "Mimi sijairudisha. Imerudi yenyewe." Ikachanua, wasomaji wangu, hata majani hayakuonekana. Mwenye ploti akaja, akasimama mbele yake, mdomo wazi. "Kumbe nilikuwa naipogoa," akasema. Akatazama juu tena. "Wacha ikae, mathe."

Sisi wapangaji wa Nairobi tunaishi kama watu waliokalia mizigo yao. Tunazaa hapa, tunalea hapa, tunazeeka hapa, na bado mtu akituuliza tunamwambia tunapita tu. Yeye pia alisema hivyo, na kweli amezikwa kwao. Lakini maisha yake aliyaishi Kawangware. Pale unapolala na kuamka, hapo ndipo pako, hata kama unalipia, na usiogope kupapamba. Jana nimechomeka kijiti cha bogenvilia mlangoni pangu, ardhini kabisa, bila mkebe. Mwenye ploti wangu akisoma haya, aje tu na panga. Itachanua zaidi.