Mama Alipouliza Kaburi Lilikopelekwa

Mdogo wangu alikufa kwa malaria akiwa darasa la pili, na mama akamzika kwenye kilima nyuma ya mtaa wetu, hapa Kolwezi. Miaka ikapita, kisha wakubwa wa jiji wakakitoa kilima kile kwa kampuni kichimbwe shaba. Tulipopata habari, tingatinga zilikuwa zimekwisha kupita. Walisema makaburi yamehamishwa, ila hakuna aliyeweza kutuonyesha la mdogo wangu. Msalaba wake ulikuwa wa mbao, na mvua zilikuwa zimelifuta jina.

Hatukuwa na wakili. Mama alisema atawashitaki wakubwa wale na atasimama mwenyewe. Mimi niliandika mashitaka kwa Kifaransa changu cha shuleni, naye akimenya mihogo kando yangu, akinikatiza kila mara.

"Andika na ile ya kusema alikuwa anaogopa giza."

Niliandika.

Siku ya hukumu alivaa kitenge chake cha kanisani. Jaji alisoma upesi, kwa Kifaransa, macho kwenye karatasi. Mama alinishika mkono.

"Anasema nini?"

"Kesi haipokelewi, mama. Tulipaswa kwanza kulalamika kwenye ofisi ileile iliyotoa kilima. Na muda wa kulalamika umekwisha."

"Anasema mi nadanganya?"

"Hapana. Hakusema hivyo."

"Na mutoto?"

"Hakumtaja."

Mama akasimama, akamgeukia jaji. "Tata juge, mi naomba tu munionyeshe kwenye banamuweka mutoto wangu."

Jaji alivua miwani. Alijibu kwa Kiswahili, kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko hukumu yenyewe.

"Mama, hapo hatukufika. Kesi yako imeishia mlangoni."

Karani alikuwa tayari anawaita wengine. Nilimshika mama kiunoni tukatoka. Njiani hakulia. Aliniuliza mara moja tu kama niliandika vizuri, nikamwambia ndiyo, nami sikuwa na hakika.

Novemba ikafika, siku ya kuwaombea marehemu, watu wa parokia wanapokwenda kupalilia makaburi ya kwao. Jirani yetu alipita na jembe begani, akasimama uani kwetu.

"Mama, hauendi?"

Mama alikuwa anafua. "Mi niende wapi?"

Jirani aliweka jembe chini, akashika upande wa pili wa shuka, wakalikamua pamoja.