Mgeni Aliyepigwa na Mabondia Wawili

Jamani, mtu huyu mngemwamini?

Miaka ya sabini, kwa kinyozi pale Bagamoyo, tunabishana: kati ya mabondia wakubwa wa uzito wa juu, nani ana ngumi nzito zaidi?

Mgeni aliyekuwa akinyolewa ndevu akadakia, "Wawili wao wamenipiga mimi. Nilikuwa baharia, nikifanya nao mazoezi Ulaya."

Tukacheka.

"Haya, nani mzito?" nikamtega.

"Wa kwanza alinivunja mbavu, zikapona. Wa pili aliniua sikio hili la kushoto, halisikii kitu."

Mh!

Alipofumba macho, nikamnong'oneza sikioni humo humo: "Wembe umekukata, damu inachuruzika!"

Hakutikisika.

Aliyeruka ni kinyozi.

Wenzangu wakamwomba mgeni radhi. Mimi bado namshuku. Mwongo mzoefu atashtushwa na mnong'ono?

Semeni nyie.