Wembe Kwenye Shela ya Buluu

Nakumbuka siku moja ambayo mpaka leo, mwanangu, nikishika wembe kunyoa ndevu inanirudia.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa soko la Morogoro, na mimi kijana wa maabara, nakaa Mafiga, najiona msomi kweli kweli. Misheni moja kule Matombo ilikuwa na kitabu cha sala kilichoandikwa na kupakwa rangi kwa mkono na sista wa zamani. Mtaalamu wa rangi alikuwa anakuja kutoka ng'ambo na mashine inayopima bila kugusa, nami nikatumwa nitangulie nikitazame. Kutazama tu, unanisikia?

Mtunzaji wake alikuwa Bibi Paulina. Nikampa shikamoo, akaitikia, akafunua ukurasa wa Bikira Maria mwenye shela ya buluu iliyomshuka mpaka miguuni.

"Hapo kwenye shela usiguse, mjukuu wangu. Mama yangu yumo."

Akanieleza kwamba mama yake alifariki siku aliyomzaa yeye. Sista alikuwa amemchora pale kwa mkaa, wakubwa wake wakakataa, akaamriwa amfunike kwa rangi. Picha nyingine hakuna, na Bibi hakuwahi kuiona sura ile. Nikacheka kimoyomoyo, nikasema hadithi za wazee hizo. Alipotoka kupiga kengele ya adhuhuri, nikakwangua buluu kidogo kwa wembe, kiasi cha punje ya ulezi, nikaipime maabara ni rangi gani, ili mtaalamu akifika anikute na jibu mkononi. Ujana, mwanangu! Asiyesikia la mkuu... malizia mwenyewe.

Wiki tatu baadaye mtaalamu akafika. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Tukaziba madirisha kwa kanga, akawasha taa ambayo mwanga wake macho yetu hayakuuona, na kwenye kioo cha mashine ile buluu ikaanza kutoweka. Kikatokea kidevu. Mdomo. Pua. Haki ya Mungu, alikuwa Bibi Paulina kabisa, ila kijana, anatutazama kwa jicho moja. La kushoto halikuwepo. Palikuwa na kidoa cheupe, kiasi cha punje ya ulezi.

Nikamgeukia Bibi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia utando.

"Lilianza siku ile ulipokuja," alisema taratibu.

Sijui, mwanangu. Uzee nao una yake. Ila niliogopa, na ninaogopa bado.

Mtaalamu akauliza nani ametia wembe hapa. Nikajifanya naweka sawa kanga ya dirishani.

"Panya," Bibi akajibu. Kisha akasogea, akakipapasa kile kioo. "Shikamoo, mama."

Aliponisindikiza nje hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mgeni si alikuwa anakuja? Ulikuwa na haraka gani?" Swali hilo ninalo hata leo.

Basi sikia. Ukitaka kujua kilichofichwa, tazama kwanza, uliza, ngoja. Na mzee akikwambia mtu yumo, amini yumo, hata kama wewe unaona rangi tupu. Ulichokwangua hakirudi, na anayekufichia aibu ndiye uliyemwumiza.

Mungu akujalie macho mawili mazima, mwanangu, na subira ya kuyatumia kabla ya mikono.